Nyumba ya Kazini, Gari na Marupurupu Mengine: Mwongozo Kamili wa Kuyakokotolea Kodi Nchini Uganda

Mfanyakazi nchini Uganda anayepewa nyumba na mwajiri wake hutozwa kodi kwa sababu ya nyumba hiyo, hata kama hakushika shilingi yoyote mkononi. Hilo wengi wanalijua. Lisilojulikana sana ni kwamba thamani ileile, tuseme shilingi 1,200,000 kwa mwezi, hutozwa kodi kubwa au ndogo kulingana na sura iliyomfikia nayo mfanyakazi. Ikiongezwa kwenye mshahara kama fedha za nyumba, hutozwa yote. Ikitolewa kama nyumba yenyewe, sheria huiwekea kikomo. Ikitumika kulipia karo ya mtoto wake au umeme wa nyumbani kwake, hutozwa yote tena. Kwa hiyo mapatano ya ajira yanayotaja jumla ya thamani bila kutaja sura yake huwa yameacha nusu ya hesabu hewani.

Mwongozo huu unawalenga wahasibu wa kampuni za wastani, mabursa wa shule za bweni, mameneja wa mashamba na viwanda vyenye makazi ya wafanyakazi, na pia mfanyakazi anayetaka kuihakiki hati yake ya mshahara mwenyewe. Chanzo cha kanuni zote ni Sheria ya Kodi ya Mapato iliyoanza kutumika mwaka 1997. Katika vitabu vya zamani ni Sura ya 340, na katika toleo la sheria lililorekebishwa la mwaka 2023 ni Sura ya 338. Kwa kuwa namba za vifungu zilibadilika katika toleo hilo, nitazitaja kanuni kwa maudhui yake. Sehemu mbili ndizo za kusomwa kwa makini: kifungu kinachoeleza kipato cha ajira, na jedwali lililo mwishoni mwa sheria linaloeleza jinsi ya kukadiria thamani ya manufaa yasiyo fedha.

Viwango vya kuwa navyo mezani

Kodi ya mshahara, ambayo kila mtu huiita PAYE, hukatwa na mwajiri kila mwezi. Viwango vya mkaazi vilivyotumika tangu Julai 2012 ni hivi. Kipato cha mwezi kisichozidi shilingi 235,000 hakitozwi kitu. Kati ya 235,000 na 335,000, kinachozidi 235,000 hutozwa asilimia 10. Kati ya 335,000 na 410,000, kodi ni shilingi 10,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 335,000. Kinachopita 410,000 hulipiwa shilingi 25,000 pamoja na asilimia 30 ya ziada hiyo, na kipato kikivuka shilingi 10,000,000 kwa mwezi, sehemu inayovuka huongezewa asilimia 10 nyingine.

Asiye mkaazi hana kiwango kisichotozwa. Yeye huanza na asilimia 10 tangu shilingi ya kwanza hadi 335,000, kisha shilingi 33,500 pamoja na asilimia 20 ya ziada hadi 410,000, kisha shilingi 48,500 pamoja na asilimia 30, na nyongeza ileile juu ya milioni 10. Mtu aliyekaa Uganda siku 183 au zaidi katika kipindi cha miezi 12 huhesabiwa kuwa mkaazi, kwa hiyo mhasibu aliyetoka Nairobi au Dar es Salaam akaajiriwa Kampala kwa mkataba wa miaka miwili kwa kawaida hutumia jedwali la mkaazi.

Jambo moja linalowachanganya watu kwenye hati ya mshahara ni mchango wa NSSF, yaani mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Asilimia 5 anayokatwa mfanyakazi haipunguzi kipato kinachotozwa PAYE, kwa sababu kodi hukokotolewa kabla ya mchango huo kutolewa. Asilimia 10 inayolipwa na mwajiri, kwa upande wake, haihesabiwi kuwa kipato cha mfanyakazi.

Hatua ya kwanza: tenganisha fedha na manufaa

Chukua mkataba wa ajira, barua za nyongeza na daftari la malipo, uandike kila kitu ambacho mfanyakazi hupata kutokana na kazi yake. Usiruke kitu kwa kuwa kimelipwa na kampuni dada, au kwa kuwa kimemwendea mke au mume wake. Sheria inahesabu kinachotolewa na mwajiri, na mshirika wake, na hata mtu wa tatu aliyepatana naye, kiwe kimemfikia mfanyakazi mwenyewe au mtu wake wa karibu, kwa ajira iliyopita, iliyopo au inayotarajiwa. Mwajiri anayemlipia meneja wake safari ya likizo kupitia kampuni nyingine anayoimiliki hajaepuka chochote.

Kisha gawanya orodha hiyo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni fedha taslimu: mshahara, malipo ya likizo, saa za ziada, bonasi, kamisheni, na fedha zozote za nyumba, usafiri, matibabu au kupanda kwa gharama za maisha zinazolipwa kwa kiwango maalumu kila mwezi. Hizi zote hutozwa kwa ukamilifu wake. Fungu la pili ni gharama binafsi za mfanyakazi ambazo mwajiri amezilipa au amemrudishia, kama vile karo ya watoto, ada ya klabu au deni la duka. Nazo hutozwa kwa kiasi kilekile kilicholipwa, isipokuwa pale matumizi yalipokuwa kwa shughuli halisi za kampuni. Fungu la tatu ni manufaa yenyewe, yaani nyumba, gari, mtumishi, mkopo nafuu na yanayofanana nayo, na hilo ndilo linalohitaji ukadiriaji.

Hatua ya pili: ondoa yasiyotozwa

Kuna vitu ambavyo sheria imevitoa katika kipato cha ajira, na mwajiri mwangalifu huvipanga vizuri mapema kwa kuwa havimgharimu mfanyakazi kodi yoyote.

Gharama halisi za matibabu ya mfanyakazi zikilipwa au kurudishwa na mwajiri hazitozwi. Lakini shilingi 100,000 zinazolipwa kila mwezi kwa jina la matibabu, augue asiugue, ni fedha taslimu na hutozwa. Tofauti hii inajirudia kila mahali katika sheria hii, na anayeielewa hapa ataielewa kote. Vivyo hivyo fedha za safari ya kikazi, yaani malazi, nauli, chakula na vinywaji njiani, hazitozwi maadamu hazizidi gharama iliyotumika au iliyotarajiwa kwa haki. Fundi anayetumwa Gulu kwa siku tatu na kupewa kiasi kinacholingana na bei za malazi za Gulu yuko salama. Yule anayepokea kiasi kilekile cha usafiri kila mwezi, awe amesafiri au hakusafiri, anapokea mshahara kwa jina jingine.

Chakula cha kantini hakitozwi iwapo kantini inaendeshwa na mwajiri au kwa niaba yake kwa ajili ya wafanyakazi tu, na inapatikana kwa wafanyakazi wote wa muda kamili kwa masharti sawa. Chumba cha chakula cha wakurugenzi peke yao kinashindwa mtihani huo. Mchango wa mwajiri kwenye mfuko wa uzeeni hautozwi, wala ada ya bima ya maisha ambayo mwajiri anayelipa kodi humlipia mfanyakazi na wategemezi wake.

Kwa wageni kuna nauli ya kuja na kuondoka. Mwajiri akiigharimia wakati wa kuanza au kumaliza ajira, haitozwi, mradi mfanyakazi aliajiriwa akiwa nje ya Uganda, yupo Uganda kwa ajili ya kumtumikia mwajiri huyo tu, na si raia wa Uganda. Masharti hayo matatu yote lazima yatimie. Tiketi ya kila mwaka ya kwenda nyumbani kusherehekea sikukuu haimo.

Mwisho kuna msamaha mdogo sana: manufaa ambayo jumla ya thamani yake kwa mwezi haifiki shilingi 10,000 hayahesabiwi. Kiasi hicho kimebaki jinsi kilivyo huku bei zikipanda, na leo hakitoshi hata kuwalipia wawili chakula cha mchana katika hoteli ya wastani mjini Kampala. Si busara kukitegemea.

Hatua ya tatu: kadiria manufaa mengine kabla ya kugusa nyumba

Mpangilio huu una sababu, nayo itaonekana tukifika kwenye nyumba: kikomo cha nyumba hukokotolewa kutokana na kipato chote cha mfanyakazi, kikiwemo kile cha manufaa mengine. Anayeanza na nyumba hulazimika kurudia hesabu.

Gari lina fomula yake. Kwa mwaka wa kwanza, chukua asilimia 20 ya thamani ya gari sokoni siku lilipotolewa kwa mara ya kwanza kwa matumizi binafsi ya mfanyakazi, zidisha kwa idadi ya siku ambazo lilikuwa mikononi mwake, gawanya kwa siku za mwaka wa mapato, kisha toa chochote alichokilipia mfanyakazi mwenyewe. Mwaka wa mapato huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Tuseme gari la thamani ya shilingi 60,000,000 limekabidhiwa tarehe 1 Oktoba 2025. Kutoka siku hiyo hadi 30 Juni 2026 ni siku 273. Asilimia 20 ya milioni 60 ni 12,000,000, ambazo zikizidishwa kwa 273 na kugawanywa kwa 365 hutoa shilingi 8,975,342. Zikigawanywa kwa miezi tisa, ni takriban shilingi 997,260 kwa mwezi, na kwa mfanyakazi aliye katika daraja la asilimia 30 kodi yake ni kama shilingi 299,000 kila mwezi. Akikubali kuchangia shilingi 200,000 kwa mwezi, mchango huo unatolewa wote katika thamani, na kodi yake inashuka kwa shilingi 60,000.

Neno la kuangalia katika kanuni ya gari ni kwamba inatosha gari liwe tayari kwa matumizi binafsi, hata lisipoendeshwa. Gari linalolala nyumbani kwa meneja huko Ntinda Jumamosi na Jumapili limehesabiwa, hata kama halikutoka getini. Linaloachwa ofisini kila jioni, funguo zikiwa kwa mlinzi na safari zote zikiwa zimeandikwa kwenye daftari, ni gari la kazi. Daftari hilo linafaa kuandikwa siku kwa siku, kwa kuwa lililoandikwa lote kwa kalamu moja wiki moja kabla ya ukaguzi hujulikana kwa kutazamwa tu.

Mtumishi wa nyumbani, dereva wa familia au mtunza bustani anayelipwa na kampuni hukadiriwa kwa jumla ya kipato anacholipwa yeye kwa kumhudumia mfanyakazi. Kumbuka kwamba mtumishi huyo naye ni mwajiriwa: akilipwa shilingi 250,000, shilingi hizo huongezwa kwenye kipato cha bosi, na wakati huohuo mtumishi hukatwa PAYE ya shilingi 1,500 kwa kiasi kilichozidi 235,000. Maji na umeme wa makazi, zikiwemo token za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, zinazonunuliwa na ofisi, huhesabiwa kwa gharama aliyoilipa mwajiri, ukitoa alichochangia mfanyakazi. Hayo hayana kikomo chochote.

Mkopo huhesabiwa pale tu jumla ya mikopo aliyopewa mfanyakazi inapozidi shilingi 1,000,000 na riba yake ikawa chini ya kiwango cha kisheria, ambacho ni kiwango cha punguzo cha Benki Kuu ya Uganda mwanzoni mwa mwaka wa mapato. Kinachotozwa ni tofauti ya riba. Kama kiwango cha kisheria kingekuwa asilimia 12, mkopo wa shilingi 10,000,000 kwa riba ya asilimia 4 ungeleta manufaa ya shilingi 800,000 kwa mwaka. Mwajiri akisamehe deni lote, kiasi kizima kilichosamehewa ni kipato. Mali anayopewa mfanyakazi, kama simu au gari la zamani la kampuni analouziwa kwa bei ya bure, huhesabiwa kwa bei ya sokoni siku ya kukabidhiwa, ukitoa alicholipa.

Hatua ya nne: nyumba

Sasa tufike penyewe. Thamani ya nyumba inayotozwa kodi ni ile iliyo ndogo kati ya hesabu mbili. Ya kwanza ni pango la nyumba hiyo kwa bei ya sokoni, ukitoa alichochangia mfanyakazi. Ya pili ni asilimia 15 ya kipato chake chote cha ajira kutoka kwa mwajiri huyo katika mwaka, kikiwa kimejumlishwa na hilo pango la hesabu ya kwanza. Kujumlisha pango ndiko kunakosahauliwa mara nyingi. Mhasibu anayechukua asilimia 15 ya mshahara peke yake hupata kodi pungufu, na upungufu huo hulimbikizwa mwezi baada ya mwezi hadi ukaguzi ufike.

Tumtazame mfanyakazi wa Jinja mwenye mshahara wa shilingi 3,000,000 ambaye kampuni imempa nyumba yenye pango la shilingi 1,200,000. Hesabu ya kwanza ni 1,200,000. Hesabu ya pili ni asilimia 15 ya 4,200,000, yaani 630,000. Ndogo ni 630,000, kwa hiyo kipato kinachotozwa ni 3,630,000, na PAYE ni shilingi 25,000 pamoja na asilimia 30 ya 3,220,000, jumla 991,000. Kama angepewa shilingi 1,200,000 taslimu akatafute nyumba mwenyewe, kipato kingekuwa 4,200,000 na PAYE ingekuwa 1,162,000. Nyumba imemwokolea shilingi 171,000 kwa mwezi, sawa na 2,052,000 kwa mwaka, na mwajiri hakuongeza hata shilingi.

Hata hivyo kikomo hakimsaidii kila mtu. Ukiifanyia kazi fomula utaona kwamba huanza kuleta nafuu pale tu pango linapozidi takriban asilimia 17.6 ya kipato kingine cha mfanyakazi. Kwa mshahara wa 3,000,000, mpaka huo ni kama shilingi 529,000. Nyumba ya shilingi 400,000 ingetozwa kwa shilingi 400,000 zote, kwa maana asilimia 15 ya 3,400,000 ni 510,000, ambayo ni kubwa zaidi. Mwalimu wa shule ya bweni anayelipwa 900,000 na kuishi katika nyumba ya shule yenye pango la 150,000 yuko chini ya mpaka: asilimia 15 ya 1,050,000 ni 157,500, kwa hiyo atatozwa kwa 150,000, na PAYE yake itapanda kutoka 172,000 hadi 217,000.

Wanaoumia zaidi ni wa chini kabisa. Kibarua wa shamba la miwa au chai anayelipwa shilingi 220,000 hayuko katika kodi. Ukimpa chumba katika kambi ya wafanyakazi ambacho pango lake sokoni ni 40,000, asilimia 15 ya 260,000 ni 39,000, kipato chake kinakuwa 259,000, na anadaiwa PAYE ya shilingi 2,400. Ni kiasi kidogo, lakini kwa kambi yenye mamia ya vyumba ni deni la kweli la mwajiri, nalo husahauliwa kwa sababu watu hao wote wameandikwa kwenye daftari kuwa hawatozwi.

Suala la pango la sokoni linahitaji ushahidi. Kampuni ikiwa imepanga nyumba kwa mwenye nyumba asiye na uhusiano nayo, mkataba wa pango unatosha. Ikiwa nyumba ni mali ya kampuni, gharama ya kuijenga haihusiani. Kinachotafutwa ni kiasi ambacho mpangaji wa kawaida angelipa mahali hapo. Nyumba nzuri iliyo ndani ya shamba la chai nje ya Fort Portal haiwezi kupewa bei ya Kololo, mtaa wa kifahari wa Kampala. Kusanya mikataba ya nyumba mbili tatu za jirani zinazofanana nayo, au barua ya mthamini aliyesajiliwa, uiweke kwenye faili na kuihuisha mwaka unapoanza. Namba iliyotolewa kichwani na meneja wa fedha haitamzuia mkaguzi kuweka yake.

Jina lililo kwenye mkataba wa pango nalo lina uzito. Kikomo cha asilimia 15 ni cha mwajiri anayetoa nyumba. Ikiwa mfanyakazi ndiye aliyepanga kwa jina lake, kisha kampuni ikawa inamlipia mwenye nyumba kila mwezi, kampuni inalipa deni binafsi la mfanyakazi, na deni binafsi lililolipwa na mwajiri hutozwa lote. Kampuni inayotaka kikomo kitumike ipange yenyewe kwa jina lake, ilipe yenyewe, kisha impe mfanyakazi haki ya kukaa kwa barua.

Mchango wa mfanyakazi kwenye pango huonekana kama jambo la busara, lakini mara nyingi hauleti nafuu ya maana. Mfanyakazi wetu wa Jinja akichangia 300,000, hesabu ya kwanza inashuka hadi 900,000 na ya pili inakuwa asilimia 15 ya 3,900,000, yaani 585,000. Thamani inayotozwa imepungua kwa 45,000 tu na kodi kwa 13,500. Linganisha na gari, ambako mchango wa 200,000 ulipunguza kodi kwa 60,000. Ikiwa mwajiri anadai mchango fulani kutoka kwa mfanyakazi mwenye vyote viwili, auelekeze kwenye gari.

Hatua ya tano: jumlisha, na tazama nyumba inavyokua

Tumwongezee mfanyakazi huyohuyo umeme na maji ya shilingi 150,000 na mtumishi wa 250,000. Kipato kingine kimekuwa 3,400,000. Kikomo cha nyumba sasa ni asilimia 15 ya 4,600,000, yaani 690,000. Kipato chote kinachotozwa ni 4,090,000 na PAYE ni 1,129,000. Manufaa ya 400,000 yamempandishia kodi kwa 138,000, ambayo ni asilimia 34.5 na si 30, kwa kuwa kila shilingi inayoongezwa huinua pia thamani ya nyumba. Na kodi hiyo yote hukatwa katika mshahara wake wa fedha wa 3,000,000, kwa hiyo kabla ya NSSF anabaki na 1,871,000. Mwajiri anayemsifia mtu marupurupu yake na amwonyeshe hesabu hii kabla hajatia sahihi.

Bonasi hufanya kazi vivyo hivyo. Kwa kuwa kikomo ni cha mwaka mzima, bonasi ya shilingi 4,000,000 inayolipwa Juni humpandishia mtu ambaye nyumba yake hutozwa kwa kikomo thamani ya nyumba kwa 600,000, na kodi ya bonasi hiyo huwa 1,380,000 badala ya 1,200,000. Kwa hiyo hesabu ya kila mwezi ichukuliwe kuwa makadirio, na mwezi Juni, kabla ya kufunga mwaka, mhasibu aikokotoe upya nyumba ya kila mfanyakazi kwa kipato cha miezi yote 12 na kusawazisha tofauti katika mshahara huo wa mwisho.

Hatua ya sita: wasilisha na uhifadhi

Ritani ya PAYE huwasilishwa kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, na kodi kulipwa ifikapo tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Kila mfanyakazi awe na namba yake ya mlipakodi, yaani TIN, na manufaa yaandikwe kivyake, yasifichwe ndani ya mshahara, ili mkaguzi aone kwamba yamekadiriwa. Mfanyakazi mkaazi ambaye kipato chake chote ni cha mwajiri mmoja aliyekata kodi ipasavyo hahitaji kuwasilisha ritani yake ya mwaka. Mwenye waajiri wawili, au mwenye nyumba za kupangisha pembeni, anahitaji.

Mwajiri asiyekata kodi huwajibika kuilipa yeye mwenyewe, ingawa sheria inamruhusu kuidai kwa mfanyakazi baadaye. Kodi iliyochelewa huzaa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Kumdai mfanyakazi kodi ya nyumba ya miaka mitatu iliyopita ni jambo gumu hata kama sheria iko upande wako, hasa ikiwa keshaacha kazi. Ukigundua upungufu, rekebisha ritani za miezi husika mapema, badala ya kungoja barua ya ukaguzi.

Kwenye faili ya kila mwenye nyumba ya kampuni weka mkataba wa pango au ushahidi wa bei ya sokoni, barua ya kukabidhi nyumba yenye tarehe, karatasi ya hesabu ya mwaka na risiti za mchango wake kama upo. Tarehe ya kukabidhi na ya kurudisha funguo zina maana, kwa sababu anayehamia katikati ya mwaka hahesabiwi pango la miezi aliyokuwa hajahamia.

Walio nje ya hesabu hii, na wanaodhaniwa kuwa nje

Askari wa jeshi la Uganda (UPDF), polisi na magereza, ambao ni miongoni mwa wasomaji wakubwa wa Kiswahili nchini, hawatozwi kodi kwa kipato cha ajira yao rasmi, kwa hiyo nyumba za kambini haziwaletei PAYE. Msamaha huo haumfikii raia aliyeajiriwa na vyombo hivyo kwa kazi ya kiraia, kama karani au fundi asiye askari, wala haugusi kipato anachopata askari kutoka kwa mwajiri mwingine.

Anayedhaniwa kuwa nje ni mfanyakazi aliyeacha kazi lakini akaachiwa nyumba kwa miezi kadhaa apate kujipanga. Ajira iliyopita nayo imo katika sheria, na miezi hiyo hukadiriwa kama mingine. Tena hapa kikomo hugeuka: kwa kuwa hesabu ni ya mwaka wa mapato, mtu aliyeacha kazi mwezi Aprili na kubaki ndani ya nyumba hadi Septemba huanza mwaka mpya Julai akiwa na pango na bila mshahara. Asilimia 15 ya pango peke yake ni ndogo mno, na kwa miezi hiyo ya Julai hadi Septemba thamani inayotozwa huenda isifike hata kiwango cha kuanza kutozwa kodi, ilhali Mei na Juni bado zinabeba mishahara ya miezi kumi iliyotangulia. Mwajiri anayetaka kumpa mtu muda wa kuhama na ahesabu kwanza tarehe 30 Juni iko wapi, kisha aiandike tarehe ya kuondoka kwenye barua ya kumaliza ajira.